Mgeni wa Alhamisi, Ndugu wa Jumamosi

Nilipowaambia majirani zangu wa Ujiji kwamba naenda Kasongo, mmoja aliacha kupepeta mchele akaniuliza kama nimechoka kuishi. Mwingine akasema, "Dada, Kongo kuna vita, kwani husikii redio?" Nikamjibu kwamba redio naisikia, tena ya kwangu hainyamazishwi na mume akirudi. Mimi ni fundi cherehani, mdomo wangu umezoea kushikilia pini, ukiachiwa huru unachoma mtu. Wakacheka. Ila hofu ilibaki machoni mwao, na nisiwafiche, hata mimi nilikuwa nayo.

Vita ilikuwa Kivu, huko juu, na mimi nilikuwa naenda Maniema ya kusini. Lakini ukimwambia mtu hivyo anakutazama kama umesema nyumba inaungua upande wa jikoni tu. Kwa hiyo niliacha kueleza. Nilifunga cherehani kwa shuka, nikamwachia binti yangu funguo, nikaenda zangu bandarini.

Nilikuwa na sababu. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Kasongo. Sisi Wamanyema wa Ujiji tunalitaja jambo hilo kwenye kila arusi na kila msiba, lakini ukiuliza ni nyumba ipi huko, mtaa upi, watu wazima wanaanza kukohoa. Bibi mwenyewe hakupenda kulizungumza. Aliondoka kwao akiwa binti, akamfuata mwanamume ambaye mama yake alishamkataa, wala hakurudi tena. Wiki yake ya mwisho hapa duniani aliniambia neno moja: "Ukipata nguvu, nenda ukanisalimie." Nimsalimie nani, hakusema. Nimekaa na salamu hiyo miaka na miaka, nikishona nguo za watu, huku yenyewe ikinikera kama uzi uliobaki ndani ya kola.

Basi nikaenda. Meli hadi Kalemie, lori hadi Kongolo, kisha pikipiki siku mbili. Safari yenyewe sitaisimulia, makalio yangu bado hayajaisamehe. Niliingia Kasongo siku ya Alhamisi mchana, vumbi hadi kwenye kope, nikashuka pale pikipiki zinapoegeshwa, na kabla sijanyoosha mgongo mtu akaudaka mfuko wangu.

"Mugeni! Karibu sana, Madame mugeni!"

Alikuwa mwanamume wa umri wangu, hamsini na kitu, kofia safi kichwani, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama. Mkononi alikuwa na fimbo nyembamba iliyopakwa rangi nyeupe nchani. Waendesha pikipiki, ambao kule wanawaita motari, walianza kupiga makofi na kupuliza honi. "Muzee amepata! Amepata mugeni!" Ungedhani timu yao imefunga bao.

Nilifungua kinywa kusema nimekuja kutafuta watu wa bibi yangu. Wallahi nilikifungua. Lakini yule bwana alikuwa ameshika mfuko wangu kwa mikono miwili, anautazama, halafu ananitazama mimi, na midomo inamcheza. Ningemwambiaje? Nikasema, "Ahsante, nimekaribia." Nikamfuata.

Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni. Aliifanya zaidi ya miaka ishirini, akijifunza habari za mji kwa wazee na kwa mapadri, na nyumbani kwake alijenga chumba pembeni ya uwanja, akaandika juu ya mlango kwa rangi ya bluu: CHUMBA YA WAGENI. Ndani kulikuwa na kitanda, kiti, ndoo ya maji yenye mfuniko, na shuka nyeupe. Mke wake aliikunjua shuka mbele yangu. Ilikuwa imekaa imekunjwa muda mrefu hivi kwamba mistari ya mikunjo imekuwa ya njano, na alipoitandika iligoma kulala, akaipiga kwa kiganja mara tatu nne. Huyo mke ni mtu wa Wamaza, upande wa Kabambare. Ni mrefu, mpole wa maneno, tabasamu lake linachelewa, lakini likifika unalipokea kwa mikono miwili.

Jioni ile bwana alinionyesha daftari lake. Alilifunika kwa plastiki lisiingie unyevu. Kila ukurasa aliuchora mistari kwa rula, safu tatu: Jina. Unatoka wapi. Umekuja kufanya nini. Watu walitoka Bukavu, Goma, Lubumbashi, wengine Ulaya, wengine kwetu Tanzania. Aliwakumbuka wote.

"Huyu alikuwa anaogopa kuku," alisema akiweka kidole kwenye jina. "Huyu mwalimu alikuja na bibi yake, walikuwa wameoana juzi, walishikana mikono mupaka ndani ya makaburi. Huyu hakupenda sombe, lakini alikula kwa heshima, nikamuhurumia."

Sombe ni kisamvu. Hata sisi Ujiji tunasema hivyo hivyo.

Nikauliza wa mwisho alikuja lini. Akageuza ukurasa taratibu. Ilikuwa zaidi ya miaka miwili.

"Hapa hakuna bunduki, Madame. Umeona mwenyewe, watu wanalima mupunga, watu wanauza sabuni. Lakini kule mbali wanachukua ramani, wanapaka inchi muzima rangi moja nyekundu. Mutu wa Ulaya ataona je kama sisi tuko pembeni?" Akafunga daftari. Nilitaka kuandika pale pale nimfurahishe, akanizuia. "Hapana. Mutu haandike kitu hajaona. Kwanza Tongoni, kisha Nyangwe kwenye muto. Utaandika mwisho."

Kesho yake, alipokwenda msikitini kuswali Ijumaa, mkewe aliketi karibu nami tukichambua mchele, na hapo ndipo nilipojua nimekanyaga nini.

"Mama, ni Mungu amekuleta," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kama haungekuja, Jumatatu bwana yangu angeenda Salamabila."

Salamabila ni machimbo ya dhahabu. Mumewe alilima kama watu wengine, alisema, lakini moyo wake haukuwa shambani, na miaka miwili ya kukaa pale kwenye pikipiki na shati la pasi bila kupata mgeni ilimvunja. Vijana walimcheka. Akasema atakwenda kuchimba. Mke akakataa, akalia, akakataa tena. Mdogo wake wa kiume alikwenda huko huko kabla, shimo likamfunika, na kilichorudi Wamaza ni buti zake mbili za mpira, zimeletwa na motari zimefungwa kamba. Mwishowe mume na mke wakapatana juu ya lile daftari: akija mgeni yeyote akaandika jina lake kabla ya Jumatatu, bwana hataenda tena, ataendelea kungoja. Asipokuja, atakwenda, na mke hatasema neno.

"Yeye neno lake halibadilishe," alisema. "Ni mutu wa vile."

Nilikuwa nimeshika ungo. Nikaendelea kuchambua, kila punje naitazama kama ina herufi. Nilichokuja kukisema Kasongo nikakimeza chote, na salamu ya bibi juu yake. Nilijiambia: nitakuwa mtalii, nitaandika jina, Jumatatu ipite, halafu nitamtafuta bibi yangu polepole. Niliona nina akili sana.

Na utalii niliufanya kweli! Alinipeleka Tongoni, nje ya mji, palipokuwa Kasongo ya zamani. Hakuna jumba la kupigia picha pale. Ni nyasi, makaburi, vichuguu, na vijilima ambavyo vilikuwa kuta za watu. Lakini yeye alikuwa akisimama, anaelekeza fimbo, anakohoa kidogo, na mahali panaamka. Kitu kimoja nilikipenda mno kwake. Kila habari aliifungia kwa namna mbili tu. Ama alisema, "Hii nimeiona na macho yangu," ama alisema, "Hii nasikia tu." Nilimjaribu. Nikamwuliza, hapa tajiri fulani hakuficha pembe za ndovu? Wageni wanapenda mambo hayo. Akanitazama kama nimemwomba aibe.

"Hii hata kusikia sikusikia, Madame."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa nimeanza kumpenda mtu yule, kwa upendo wa kawaida tu wa kumwona mtu anaifanya kazi yake vizuri mahali ambapo hakuna anayemtazama.

Jumamosi alasiri alikwenda kupatana na motari juu ya safari ya Nyangwe, na mkewe akaanza kutwanga sombe uani. Mimi siwezi kukaa nikimwangalia mwanamke anatwanga peke yake. Nikamnyang'anya mchi. Nilitwanga kama nilivyofundishwa na bibi nikiwa na miaka saba, mpaka majani yakalainika na kunukia, na nilipomaliza nikaugeuza mchi, nikagonga mdomo wa kinu. Mara mbili haraka haraka, nikangoja kidogo, mara moja ya mwisho.

Nifahamu vizuri, msomaji. Sikufikiri. Nyumbani kwetu Ujiji ndivyo sombe inavyomalizwa, bibi aligonga hivyo, mama aligonga hivyo, sisi wajukuu tulikuwa tukisikia tunaacha michezo tunakimbia kwenda kula. Nilidhani dunia nzima inagonga.

Mke wa mwenyeji wangu alinitazama kwa mshangao. Upande wa pili wa ua wa matete kikaanguka kitu, kama beseni. Mara mwanamke mzee akapita kwenye uwazi wa ua, anakuja mbio kwa namna ya watu wa umri wake, povu la sabuni limempanda hadi viwikoni.

"Nani amegonga? Nani amegonga kinu ya mama yangu?"

Huyo alikuwa mama mkubwa wa yule bwana, dada wa mama yake, alikuwa akifua. Nikasema ni mimi. Akanishika kidevu kwa mkono wa sabuni, akanigeuza uso huku na huku.

"Wewe, ulifundishwa na nani?"

Nikamwambia: na bibi yangu, mzaliwa wa hapa, aliyevuka ziwa na mume asiyetakiwa.

Aliniachia kidevu. Akakaa chini, pale pale kwenye vikonyo vya sombe. Nilifikiri atalia, na machozi yalikuja kweli, lakini kilichotangulia kilikuwa ugomvi. "Myaka yote ile! Myaka yote munakaa kimya, halafu munatuma mutu moja, na yeye anakuja na mikono mitupu!" Hapo sikuwa na shaka tena. Hasira ile naijua, naamka nayo kila asubuhi.

Mama yake na bibi yangu walizaliwa tumbo moja. Katika mji mzima ni nyumba yao tu iliyogonga hivyo kinu kumwita aliye mbali aje kula. Baada ya mdogo wake kuondoka, mama yule alihamisha kinu, akakiweka upande wa barabara, akagonga kila siku mpaka alipokufa. Binti yake, huyu mama mkubwa, akaendelea, mpaka mabega yakagoma kutwanga. Mke wa mpwa wake ni mtu wa Wamaza, hakufundishwa. Kwa hiyo sauti ile ilikuwa haijasikika uani miaka kadhaa.

"Alikutuma?" aliniuliza, mke wa mpwa wake akiwa ameshaingia jikoni na sombe.

"Alinituma. Alisema nije niwasalimie."

Akaushika mkono wangu, akauweka kwenye shavu lake, hakuuachia. Nililia, na siioni aibu. Kitu nilichokibeba muda wote ule kilipata mahali pa kukaa.

Kisha yule bwana akatokea mlangoni na fimbo yake. Mama mkubwa akampigia kelele kabla hajavua kofia: "Wewe! Huyu mugeni yako haiko mugeni! Ni yaya yako!"

Yaya, kwao, ni ndugu mkubwa. Alisimama akielezwa, mara mbili, mara tatu. Halafu akaitupa fimbo, akanikumbatia mpaka kofia ikaanguka. "Yaya! Nimetembeza yaya yangu nyumbani kwake! Nimemuonyesha makaburi ya wakambo yake na fimbo!" Wakambo ni mababu. Alicheka, akalia, akakimbia kukamata jogoo. Ndugu walijaa uani mpaka magharibi. Nilipewa watoto wachanga wawili kwa mpigo, nikaambiwa nani ana pua yangu, na mzee mmoja akasema mdomo wangu wanaufahamu, ulikuwepo kabla sijazaliwa.

Katikati ya furaha ile nikamwona mke wake anatoka kwenye chumba cha wageni na mfuko wangu. Ndugu halali chumba cha wageni, analala ndani na watu wa nyumba. Mume ndiye aliyemwambia auhamishe. Kisha nikamwona anarudi, anaivuta ile shuka nyeupe, anaikunja. Aliikunja kwenye mistari yake ile ile ya njano, taratibu, na aliponitazama, tabasamu halikuwepo.

Nikakumbuka daftari. Nilikuwa sijaandika.

Jumapili asubuhi nilimkuta bwana anafunga mzigo: blanketi, sufuria ndogo, tochi ya kuvaa kichwani.

"Unaenda wapi?" nikamwuliza, kana kwamba sijui.

"Salamabila, yaya. Nilishatoa neno."

"Si mlisema mgeni akija huendi?"

"Mugeni hakukuja. Alikuja yaya. Ni kitu kizuri kupita mugeni, lakini haiko mugeni." Alisema hivyo kwa upole, akikaza kamba. "Yaya nitamuandika namna gani ndani ya daftari ya wageni? Nitakuwa nimedanganya daftari."

Nilipandwa na hasira. Nikamfokea. Nikamwambia ni kichwa kigumu, ni mkaidi, anataka mke wake apokee buti nyingine. Nikamwambia namkataza kama yaya yake. Akatabasamu. "Yaya anaweza kunikataza kuoa. Kwa kazi, hapana." Akaendelea na kamba.

Ndipo mkewe alipotoka jikoni na mwiko mkononi. Siku zote tatu sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Mugeni alikuja siku ya Alhamisi," alisema. "Mimi nilimutandikia. Mimi nilimuwekea maji ya kuoga. Wewe ulimuita Madame mupaka nikachoka kusikia. Yaya yako alikuja siku ya Jumamosi, wakati kinu iligongwa. Hawa ni watu wawili. Hawakukuja siku moja!"

Mume aliiacha kamba. Ungemwona! Alikaa kwenye mzigo wake, akakunja uso, akalifikiria jambo lile kama hakimu. Mtu mwingine angecheka, au angeshukuru kupata mlango wa kutokea. Yeye alitaka kujua kama ni kweli.

"Inaweza kuwa hivyo," alisema mwishoni. "Lakini inategemea. Kama alikuja kututafuta sisi, basi tangu pale kwa motari alikuwa ndugu, ni sisi tu hatukujua. Kama alikuja kutembea, basi ni mugeni kweli, na undugu ulifuata nyuma." Akaingia ndani, akatoka na daftari, akalifungua kwenye ile safu ya tatu. "Yaya, nijibu vizuri, mbele ya mama mukubwa. Ulikuja Kasongo kufanya nini?"

Mama mkubwa alikuwa amekaa karibu na ua, anamenya karanga. Yeye peke yake ndiye niliyemwambia kwamba nimetumwa. Kwa mkewe nilimeza, na bwana hakuwepo nilipoulizwa. Nilimwona mzee yule kwa pembe ya jicho, vidole vyake vinapasua maganda, na shavu lake lile nililolishika jana. Nilitaka mtu mwingine ajibu kwa niaba yangu. Hakuwepo.

"Nilikuja kutembea," nikasema.

"Kutembea tu?"

"Kutembea tu. Nilisikia kuna mto mkubwa, nilisikia kuna Tongoni. Hakuna aliyenituma."

Karanga zilinyamaza. Nilitazama chini, nikawaona chungu wanabeba ganda. Bibi yangu alikuwa amengoja maisha yake yote salamu yake ifike katika uwanja ule, na mimi niliye mjukuu wake nimesimama hapo hapo namkana. Sijawahi kusema neno lililoniuma hivyo, na nimesema maneno mengi.

"Basi kama amesema, amesema," sauti ya mama mkubwa ikatoka kwenye ua, kavu. "Mupe kalamu." Na karanga zikaanza tena.

Bwana alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akanipa kalamu, na ile kanuni yake ya kungoja Nyangwe hakuitaja. Niliandika jina langu. Niliandika Ujiji. Kwenye safu ya tatu niliandika "Kutembea", herufi zikapanda juu ya mstari wake alioupiga kwa rula. Halafu nikaenda nyuma ya jikoni nikalia tena, safari hii kwa uchungu. Mke wake akanifuata na kikombe cha maji. Alisimama tu pembeni yangu mpaka nilipomaliza.

"Aksanti, wifi," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo.

Niwatoe wasiwasi mapema: hadi leo ninapoandika, hajaenda Salamabila. Hajapata mgeni mwingine pia. Vita ya huko juu bado inasemwa kwenye redio, ramani bado ni nyekundu, na kila siku baada ya mchana anapiga pasi shati, anashika fimbo, anakwenda kusimama pale kwenye pikipiki. Mke wake hunitumia sauti kwenye simu kila wiki, na salamu ya kwanza ni ile ile: "Yuko." Mimi kwa upande wangu nimeanza kuwasumbua Wamanyema wa Ujiji waende kutembea Kasongo, kwenye arusi na kwenye misiba, mpaka wananikimbia.

Jumatatu ile motari alifika alfajiri, si yule wa kupatana safari ya Nyangwe. Ndiye aliyekuwa amewekwa siku nyingi kumpeleka bwana machimboni, na hakuwa ameambiwa kitu. Mke wa mwenyeji wangu akatoka mbele ya wote, amevaa kitenge kipya, akamwambia leo njia imegeuka, inakwenda Nyangwe, mtoni. Motari akauliza kwa nini. "Kwa sababu tuko na mugeni," akasema, na lile tabasamu likaja, safari hii bila kuchelewa.

Mama mkubwa hakutoka kuniaga. Nilikwenda hadi kwenye uwazi wa ua, nikabisha, nikaita, kimya. Nikasema moyoni, haya, umevuna ulichopanda jana, panda pikipiki uende. Motari akakaa mbele, mimi katikati, bwana nyuma yangu, fimbo yake yenye ncha nyeupe imelala mapajani mwake. Tulikuwa watatu juu ya pikipiki moja, nimebanwa sina hata pa kuweka pumzi. Motari akawasha injini, ikazimika. Akawasha tena, ikazimika.

Katika kimya kile ikaja sauti kutoka uani. Mara mbili haraka haraka. Kisha kungoja. Kisha mara moja.

Ilikuwa alfajiri, hakuna sombe iliyotwangwa, hakuna chakula kilichoiva. Nilijua mabega ya nani yalikuwa yameushika mchi ule. Sikugeuka, nilijua nikigeuka nitashuka.

Bwana nyuma yangu alikohoa kidogo, kama alivyokohoa kule Tongoni kabla ya kueleza. Fimbo ikapita pembeni ya bega langu, ikaelekea nyumbani kwake. Alikuwa anajua nilikuja Kasongo kufanya nini. Mtu yule si mjinga, nadhani alijua tangu nilipotazama chini.

"Madame mugeni," alisema karibu na sikio langu, "sauti unayosikia ni ya kinu. Hapa kwetu iko nyumba moja tu inagonga hivi. Maana yake: wewe uko mbali, chakula chako kiko, rudi." Akairudisha fimbo mapajani, akaimalizia kazi yake. "Hii sikusikia kwa watu. Hii nimeiona na macho yangu. Umeelewa, Madame?"

Nikamwambia nimeelewa.